Nisomee maabara au shamba? Jibu kwa kijana anayetaka kuboresha mazao kwa vinasaba

Swali: Shikamoo Daktari. Nimehitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kilimo, na somo nililolipenda kuliko yote ni jenetiki. Nimepata nafasi mbili za uzamili. Ya kwanza ni kwenye maabara inayosoma jenomu za mimea, yaani DNA yao yote, na kazi yake yote ni ya mashine na kompyuta. Ya pili ni kwenye mradi wa kuzalisha aina mpya za mazao ya jamii ya kunde. Wana alama chache za DNA lakini shamba la majaribio ni kubwa. Wenzangu wananiambia shamba limepitwa na wakati. Ndoto yangu ni kuwa mtafiti wa mbegu anayetumia vinasaba. Niende wapi, na maisha ya kazi hiyo yakoje?

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara kadhaa, maana ni lile lile nililotamani kumuuliza mtu nilipokuwa na umri wako. Nianze na maneno ya wenzako, kwa sababu ukiyapima vizuri utajua mwenyewe uchague nini.

Wana sehemu ya ukweli. Kusoma DNA kumekuwa rahisi kwa kiwango ambacho sisi wa zamani hatukukiota. Jenomu ya mpunga, ambayo kati ya nafaka kuu ni ndogo, yenye herufi za DNA zipatazo milioni 390, ilihitaji muungano wa nchi kadhaa na ilichapishwa ikiwa imekamilika mwaka 2005. Ya mahindi ilifuata 2009. Ya ngano, inayobeba seti za kromosomu za mababu watatu na kuizidi jenomu ya binadamu karibu mara tano, ilisubiri hadi 2018. Leo mwanafunzi mmoja anatuma vipande vya majani ya mimea mia kadhaa, na baada ya wiki chache anarudishiwa taarifa za alama maelfu kwa kila mmea. Kazi iliyokuwa ngumu imekuwa nyepesi. Ile nyingine haijawa nyepesi hata kidogo: kujua mmea huu, katika udongo huu, msimu huu, umefanya nini kweli.

Nikusimulie kilichonifundisha hilo. Katika masomo ya uzamivu nilikuwa natafuta jeni za kustahimili ukame. Tulichukua wazazi wawili, mmoja mvumilivu na mwingine dhaifu, tukamchavusha mmoja kwa chavua ya mwenzake, na baada ya vizazi kadhaa tukapata koo 180, yaani familia za mimea zilizotokana na wazazi hao. Tukazipanda, tukakata maji kwa shamba zima siku ile ile. Mavuno yalipopimwa na kulinganishwa na alama za DNA, eneo moja la kromosomu lilijitokeza kama mlima katikati ya tambarare. Lilionekana kubeba robo nzima ya tofauti za mavuno. Nilikosa usingizi kwa furaha, nikawasilisha matokeo mbele ya idara.

Aliyeuliza swali lililobomoa kila kitu hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa shamba, mzee aliyekuwa akipanda majaribio tangu kabla sijaanza shule. Aliuliza kwa upole: "Hizi koo zako nzuri, zilichanua lini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu tarehe za kuchanua sikuziandika. Msimu uliofuata tulipanda upya. Kila asubuhi nilizunguka na daftari nikiandika siku ambayo nusu ya mimea ya kila ploti imefungua maua. Mlima wangu ukayeyuka. Koo zile hazikuwa zinaustahimili ukame, zilikuwa zinaukimbia: zilichanua siku tano au sita mapema na kujaza mbegu kabla udongo haujakauka. Kuukimbia ukame nako kuna thamani yake, na mbegu za muda mfupi zinahitajika sana. Lakini haikuwa jeni niliyotangaza kwamba nimeipata, na ukiipeleka mahali ambako ukame unapiga mwanzoni mwa msimu haimsaidii mkulima chochote. Kama yule mzee angenyamaza, tungeipandikiza kwenye aina nyingine kwa miaka, kwa usahihi mkubwa wa kimaabara, tukidhani tunajenga uvumilivu.

Ndiyo maana nawaeleza wanafunzi wangu mapema alama ya DNA ni nini hasa. Ni mahali kwenye kromosomu ambapo wazazi wawili wanatofautiana, mara nyingi kwa herufi moja tu. Yenyewe haisemi lolote kuhusu mavuno, ugonjwa au ladha. Inapata maana pale inapofungwa kwenye kipimo kilichochukuliwa shambani. Kipimo kikiwa kibovu, alama itakiamini, na mashine ya mamilioni itakufanyia uteuzi wa kitu kisicho sahihi haraka zaidi kuliko jicho lingeweza.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Mwaka 1994 mtafiti William Beavis alionyesha kwa mahesabu ya kompyuta kwamba ukitumia mimea kama mia moja kutafuta maeneo yenye jeni, yale utakayoyapata yataonekana kuwa na nguvu kubwa kuliko ilivyo kweli, wakati ukitumia elfu moja makadirio yanakaribia ukweli. Kwa maneno mengine, jaribio dogo haliishii kukosa vitu. Linatia chumvi vile linavyovipata. Tasnifu nyingi zimejaa milima iliyotiwa chumvi, na ukishalijua hili utasoma makala za kisayansi kwa macho mengine.

Sasa usije ukadhani naidharau maabara. Maisha yangu yamekuwa humo, na pale alama zinapofanya kazi vizuri, ni jambo la kushangaza mpaka leo. Mfano ninaoupenda ni wa mpunga unaovumilia mafuriko. Mpunga hupenda maji, lakini ukizama kabisa kwa zaidi ya wiki moja aina nyingi hufa. Zikizama hurefusha majani kwa pupa zikitafuta hewa juu ya maji, zinamaliza akiba ya sukari, na maji yakishuka zinalala chini zimechoka. Huko Odisha, India, kulikuwa na aina ya kienyeji ambayo watafiti waliitambua kwa jina la FR13A. Yenyewe ikizama hutulia. Haikui, haihangaiki, inatunza akiba yake hadi maji yaondoke, kisha inaendelea. Kwa miaka mingi wataalamu walijaribu kuichanganya na aina zenye mavuno mengi, na walichopata mara nyingi kilikuwa mpunga unaovumilia maji lakini wenye kasoro nyingine ambazo mkulima hakuzitaka.

Mwaka 1996 watafiti Kenong Xu na David Mackill walionyesha kwamba sehemu kubwa ya uvumilivu huo inakaa mahali pamoja, kwenye kromosomu ya 9. Mwaka 2006 jeni yenyewe, Sub1A, ikatambuliwa katika kazi iliyomhusisha pia Pamela Ronald. Huko IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, jeni hiyo ikahamishiwa ndani ya Swarna, aina iliyokuwa tayari inapendwa na wakulima, na mwaka 2009 Swarna-Sub1 ikaruhusiwa rasmi India. Inaweza kuzama kwa wiki mbili hivi ikaamka. Karibu sifa nyingine zote zilibaki za Swarna, na hapo ndipo ulipo ufundi.

Uangalie kwa karibu ufundi huo, kwa sababu ndio utakaokuwa kazi yako ya kila siku. Ukimchavusha mzazi bora kwa chavua ya mzazi mwenye jeni unayoitaka, mtoto anakuwa nusu kwa nusu. Ukimrudisha kwa mzazi bora, yaani ukimchavusha naye tena, wajukuu wanabeba wastani wa asilimia 75 za mzazi huyo. Ukirudisha tena, 87.5, mara ya tatu, 93.75. Huo ni wastani tu. Mmoja mmoja wanatofautiana, na alama zinakuwezesha kumwona yule aliyebahatika kabla hajachanua, akiwa bado mche wenye majani mawili. Ukimchagua huyo na kumrudisha tena, unaruka vizazi.

Tatizo kubwa zaidi ni kile kinachoikumbatia jeni yenyewe. Kipande cha kromosomu cha mzazi aliyetoa jeni hung'ang'ania pembeni mwake na kuja na kasoro zake. Mwaka 1989 Nevin Young na Steven Tanksley walichunguza aina za nyanya zilizopewa jeni ya kukinza virusi kutoka kwa jamaa yake wa porini. Walikuta aina moja ambayo, baada ya kurudishwa kwa mzazi bora mara 11, bado ilikuwa na mkono mzima wa kromosomu wa yule wa porini. Vizazi 11! Walioitengeneza walikuwa wakichagua kwa macho, na jicho halioni kromosomu. Ukiwa na alama mbili, moja kila upande wa jeni, na mimea ya kutosha, kipande hicho unaweza kukipunguza katika vizazi viwili au vitatu. Kwangu mimi hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kujifunza kazi ya maabara.

Hoja ya pili ni magonjwa. Kutu ya shina la ngano iliyoonekana Uganda mwaka 1998, ile inayoitwa Ug99, iliishinda jeni ya Sr31 iliyokuwa imeilinda ngano katika nchi nyingi kwa muda mrefu. Jeni moja ya ukinzani ni kama kitasa kimoja mlangoni. Dawa ni kurundika jeni kadhaa katika mmea mmoja, lakini kwa macho huwezi: mmea wenye jeni moja inayofanya kazi na mmea wenye jeni tatu yote inasimama mizima na misafi mbele yako. Alama ndizo zinazowatofautisha. Hesabu zake pia uzizoee. Ukitaka jeni nne zote zikae kwa uthabiti katika kizazi cha pili, mmea mmoja tu kati ya 256 utakufaa. Ukitumia njia ya kuzalisha mimea kutoka kwenye chavua na kuzidisha kromosomu zake mara mbili, ni mmoja kati ya 16. Mtafiti asiyefanya hesabu hii kabla ya kupanda hujikuta na shamba zuri lisilo na mmea anaoutafuta.

Sifa zinazoongozwa na jeni moja kubwa ndizo zinazosimuliwa sana kwa sababu zinasimulika. Mavuno hayako hivyo. Yanaongozwa na mamia ya jeni, kila moja ikichangia kidogo, na kuzifukuza moja moja ni kupoteza umri. Mwaka 2001 Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard walipendekeza njia nyingine: acha kutafuta jeni ipi ni ipi, tumia alama zote kwa pamoja kukadiria thamani ya kila mmoja. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliichukua kwa haraka, na programu kubwa za mbegu zikafuata. Unapima na kusoma DNA ya kundi la mfano, unaifundisha kompyuta uhusiano, kisha unakadiria watoto ambao hawajapandwa shambani bado. Inaokoa miaka. Lakini angalia tena: kundi la mfano lazima lipimwe, na lirudiwe kupimwa kadiri vizazi vinavyosonga, la sivyo makadirio yanachakaa. Teknolojia mpya kabisa imeturudisha kwenye daftari la yule mzee.

Niseme jambo moja kwa haraka, maana utaulizwa na kila mtu, hata na ndugu zako. Kuchagua kwa alama si kuhamisha jeni kwa uhandisi. Mimea inachavushwa kama ilivyochavushwa siku zote. DNA inasomwa tu ili kuamua nani aendelee. Uhariri wa jeni kwa CRISPR (zana ya kukata DNA mahali palipochaguliwa), ambao kazi yake ya msingi ya mwaka 2012 iliwapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier tuzo ya Nobel mwaka 2020, ni chombo kingine na kina sheria zake katika kila nchi. Jifunze kulieleza hili kwa dakika mbili, bila kiburi.

Maisha yenyewe yanaendeshwa na mmea. Maua hayasubiri mkutano. Msimu wa kuchavusha utaamka kabla ya jua, utainama saa nyingi na kibano mkononi ukiondoa stameni bila kuumiza ovari, utaandika kibandiko kwa penseli kwa sababu wino unafutwa na mvua. Baadaye utakata majani na kuyapanga kwenye sahani zenye vishimo 96, na hapo nikuonye. Siku moja tuligundua kwamba sahani ilikuwa imeingizwa mashineni ikiwa imegeuzwa, kishimo cha kwanza kikawa cha mwisho. Kilichotuokoa ni kwamba wazazi tulikuwa tumewaweka kwenye vishimo visivyolingana pande mbili, hivyo majibu yao yalipotokea mahali pasipo pao tulijua. Tangu hapo sijaruhusu sahani kutoka mikononi mwetu bila wazazi na kishimo kimoja kitupu vilivyowekwa upande mmoja kwa makusudi.

Kisha miezi ya kompyuta. Hapa usiwe mvivu. Jifunze takwimu za majaribio ya shamba hadi zikuingie damuni: kwa nini tunarudia, kwa nini tunachanganya mpangilio wa ploti, namna udongo wenye rutuba upande mmoja unavyoweza kujifanya jeni. Jifunze vizuri R, programu ya takwimu. Jenetiki ya sifa zinazopimika kwa namba, isome kuliko ya jeni moja moja. Ukiniuliza ni somo gani wanafunzi wanalokuja nalo likiwa dhaifu, ni hilo.

Subira utaihitaji. Kutoka uchavushaji wa kwanza hadi aina mpya kufika kwa wakulima, miaka kumi ni kawaida, kwa sababu baada ya uteuzi kuna majaribio ya maeneo mengi, na ya kuthibitisha kwamba aina hiyo ni tofauti na nyingine, mimea yake inafanana na haibadiliki kizazi hadi kizazi. Sehemu ya mwanzo inafupishika. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba kwa kuwasha taa saa 22 kwa siku unaweza kupata hadi vizazi sita vya ngano kwa mwaka. Majaribio ya mashambani hayafupishiki hivyo, kwani misimu ni misimu. Na hapa ndipo penye uchungu mkubwa wa kazi hii kwenye taasisi za umma: fedha za mradi huja kwa miaka mitatu hadi mitano, wakati mbegu inahitaji kumi. Utajifunza kuandika maombi ya fedha ukiwa na koo zako mikononi, usizitupe kwa sababu mradi mmoja umekwisha. Kampuni binafsi za mbegu zina mashine zaidi na fedha za uhakika zaidi, lakini mengi utakayoyagundua hutayachapisha, na mazao yasiyouza mbegu kila msimu huwa hawayagusi sana. Vituo vya kimataifa, kama CIMMYT ya Mexico, ICRISAT ya India na IITA ya Nigeria, vinakaa katikati: wanachapisha, wanagawa mbegu zao, na wanapokea wanafunzi kwa mafunzo. Nimefanya kazi upande wa umma na upande wa kampuni, na kwa mtu wa moyo kama unaouonyesha ningesema anzia umma.

Kuhusu nafasi zako mbili: nenda kwenye mradi wa jamii ya kunde. Kuchambua jenomu unaweza kujifunza baadaye, hata ukiwa na familia na kazi, kwa sababu takwimu zinakaa kwenye kompyuta zikikusubiri. Kutambua ploti iliyonyauka kwa ugonjwa na ile iliyonyauka kwa sababu bomba limeziba, hilo linahitaji misimu ya kutembea, na ujana ndio wakati wake. Barbara McClintock, aliyepata Nobel mwaka 1983 kwa kugundua kwamba vipande vya DNA vinaweza kuhama mahali, alifikia ugunduzi huo kwa kuyapanda mahindi yake na kuyakagua punje kwa punje.

Ila kabla hujasaini, zungumza na msimamizi wa huko. Muulize nani anapima, nani anaandika, na takwimu ghafi zinahifadhiwa wapi. Muulize kama utashiriki uteuzi wenyewe au utapewa tu mbegu za kupanda. Muulize mimea ni mingapi katika kundi utakalofanyia kazi. Akikutajia sitini, mwombe kwa heshima mzungumzie kuiongeza. Omba pia kuona kitabu cha shamba cha msimu uliopita. Kama kina tarehe za kuchanua, mvua na jina la mtu aliyeandika kila ukurasa, umefika mahali pazuri.

Na ile maabara ya kwanza usiiache kwa kuikata. Waandikie barua ya shukrani, uwaeleze utakachopanda, uwaulize kama mmoja wao angekubali kuwa msimamizi wako wa pili. Wana mashine zinazohitaji mimea iliyopimwa vizuri, na baada ya msimu mmoja wewe utakuwa nayo.